Bao Lililodhani Liko Ngazija

Mama yangu amewaambia watu wa Kibiti kwamba mwanawe ana ghala. Hakusema uongo. Nilimwambia mwenyewe, siku aliponiuliza kinachonguruma kwenye chumba changu cha ufundi ni kitu gani. Nikajibu, "Ni ghala, mama. Ghala la vifurushi vya programu." Yeye akachukua neno la kwanza, mengine akayaacha palepale. Msimu wa ufuta ulipofika, mjomba akashuka kutoka Mbwara na bodaboda iliyoelemewa na magunia, akaniomba nimhifadhie mpaka bei ipande. Nikamwonyesha ghala: kisanduku cheusi cha ukubwa wa tofali, kimekaa juu ya rafu, kinapepesa taa ya kijani. Mjomba alikitazama, akanitazama na mimi, akauliza kwa upole, "Na mlango wake uko wapi?"

Waliolishika neno la pili walinisumbua zaidi. Nchi hii ukitamka kifurushi, mtu anajua unauza dakika na intaneti. Wakaja vijana kutaka cha wiki, wakaja akinamama kutaka cha siku. Niliposema vifurushi vyangu haviuzwi, walielewa kwamba nimeishiwa, wakaniombea Mungu anifungulie.

Ukweli wenyewe ni huu. Programu haikai peke yake. Ile inayoonyesha saa inaitegemea nyingine inayochora herufi, na hiyo inaitegemea nyingine inayokijua kioo, na hiyo nayo ina wakubwa zake. Vipande hivyo ndivyo vifurushi. Waliovitengeneza wako mbali, wengine hawajuani, na kila mmoja hutoa toleo jipya akijisikia. Ukichanganya kipya cha huyu na cha zamani cha yule, vinaweza kugombana mashine ikasimama. Kazi yangu ni kukaa na vipande vilivyokwisha kujaribiwa pamoja vikapatana, na kuhakikisha havibadiliki. Kikigundulika kitobo ambacho mwizi anaweza kupitia, natia kiraka pale penye kitobo, nguo siibadilishi. Kwa maneno mengine nalipwa ili jambo lisitokee. Na lisipotokea, watu huuliza huyu analipwa kwa lipi.

Mashine ninazozitunza ni mabao ya nyakati za swala. Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, mzaliwa wa huku kwetu, alipata riziki yake akakumbuka kwao. Akanunua runinga bapa na kompyuta ndogondogo, akazigawa misikitini: Kibiti, Dimani, Mbwara, Nyamisati, na visiwani huko delta ambako umeme ni wa sola. Kila bao linaonyesha tarehe ya Kiislamu na ya kizungu, nyakati za swala tano, na muda uliobaki kabla ya kukimu swala. Basi. Nilikabidhiwa mimi kwa sababu nilikwenda Dar kusomea kompyuta nikarudi. Wenzangu walisoma wakabaki hukohuko.

Mabao hayo niliyafungia toleo lililokwisha kuzoeleka, ambalo watengenezaji wenyewe waliahidi kulitunza kwa miaka mingi. Kila bao nikaliandikia kwa mkono wangu mahali lilipo, nikalinganisha nyakati zake na za shehe, nikaliacha. Penye mtandao, bao huja lenyewe ghalani kwangu kuuliza kama kuna kiraka. Visiwani, ambako mtandao huonekana kama jamaa wa mjini, siku za sikukuu tu, kiraka huenda kwa flashi ndani ya mfuko wangu wa shati. Wenyewe baadaye wakatangaza kwamba muda wa toleo lile umekwisha, wakafunga ghala lao huko liliko. Langu likabaki juu ya rafu, Kibiti, na viraka nikawa navitafuta na kuvishona mwenyewe. Miaka ikapita. Hakuna bao lililokosea. Shida ikaanzia hapo, maana kitu kisichokosea hakina mtu wa kukisemea.

Mfadhili wetu akamteua mpwa wake awe msimamizi wa mabao. Alikuwa kijana mstaarabu, kanzu imenyooka, salamu zake kamili, na kompyuta yake ya mkononi imebandikwa vibandiko mpaka haijulikani ilikuwa ya rangi gani. Alinikuta ofisini nikichomelea waya.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Nimeipitia mifumo yako yote. Sikuvunjii heshima, fundi, lakini imezeeka."

"Imezeeka, ndiyo. Ila haijakosea."

"Ndiyo hapo sasa," akasema, akitabasamu kama mtu aliyekuwa akilingoja jibu hilo. "Haijakosea, kwa hiyo haijajifunza."

Nilikaa na maneno yale kutwa nzima.

Akanionyesha toleo jipya. Lilikuwa na maua yanayofunguka pole pole, maporomoko ya maji, hali ya hewa, na adhana inayolia yenyewe wakati ukifika.

"Hali ya hewa ya nini?" nikamwuliza.

"Waumini wajue kama nje kunanyesha."

"Si watatazama nje?"

"Fundi," akasema kwa huruma, "dunia imeshatoka huko."

Nilikataa. Akanipeleka kwenye kamati. Kamati yetu ina mwenyekiti, katibu, na wajumbe ambao kazi yao ni kuunga mkono. Nilisimama nikaeleza maana ya mfumo thabiti kwa kadiri nilivyojaliwa. Nilipomaliza, mjumbe mmoja aliyekuwa akisinzia aliinua mkono akauliza kama hiyo thabiti ina rangi. Mpwa yeye hakueleza chochote. Aligeuza kioo cha kompyuta yake, maua yakafunguka, na wajumbe wakasema, "Mashaallah." Shehe ndiye aliyeokoa jahazi. Alisema Ramadhani iko mlangoni, si wakati wa kuchezea saa. Mambo ya maua yangoje mpaka baada ya Idi. Mpwa akakubali kwa kichwa. Moyo wake sikuuona.

Katikati ya mwezi mtukufu tukapata habari kwamba mfadhili anakuja kufuturisha kwenye msikiti wa mtaa wetu, na anakuja na wageni wake. Mtaa ukachangamka. Wapo waliopaka chokaa ukuta unaotazama barabara, ule wa nyuma ukabaki na ukungu wake. Mimi siku hiyo baada ya Alasiri nilikuwa nyumbani nakuna nazi, kwa sababu mke wangu hasadiki kwamba mtu aliyeshinda amekaa na mashine anaweza kuchoka. Sikujua kwamba saa ileile mpwa amepanda ngazi msikitini, ameliondoa bao kwenye ghala langu, na kulipeleka likachote toleo jipya moja kwa moja kwenye mtandao, ili mjomba wake akifika akute maendeleo.

Nilipofika uani mwa msikiti na bakuli langu la mihogo ya nazi, mikeka ilikuwa imetandikwa na masinia yamepangwa: tende, uji wa pilipili manga, tambi, kaimati, samaki wa kukaanga kutoka Nyamisati. Mfadhili alikuwa katikati, wageni wa Dar kulia kwake, mpwa kushoto. Milango ya msikiti ilikuwa wazi ili bao lionekane mpaka nje. Nikatupa jicho ndani. Maua yalikuwa yanafunguka.

Mtu akirudi kwake akakuta mlango umetiwa kitasa kingine, nadhani ndivyo anavyohisi. Nilibaki nimesimama na bakuli. Chini ya maua, tarakimu kubwa za dhahabu zilikuwa zinarudi nyuma kuelekea sifuri, na watu wote wanazitazama, tende mikononi. Hakuna aliyekuwa akitazama kitu kingine. Zikafika sifuri. Bao likaadhini.

Ilikuwa sauti nzuri, sina budi kusema. Sauti ya mtu ambaye hajawahi kumeza vumbi la Kibiti. Mwadhini wetu, mzee aliyeadhini pale tangu msikiti ukiwa wa makuti, alikuwa bado anatawadha. Akatoka mbio, ndevu zinachuruzika maji.

"Nani kaadhini?"

"Bao, mzee."

"Nani kalituma?"

Watu walikuwa tayari wanasema bismillahi. Mfadhili, kwa kuwa ndiye mgeni wa heshima, alikuwa ameshameza. Mpwa naye alikuwa anatafuna. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa njiani na tende, sitadanganya. Ndipo mtu mmoja aliyekaa nyuma kabisa, karibu na choo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Jamani, mbona jua lile pale?"

Tukageuka. Jua lilikuwa juu ya mikorosho ya jirani, limenona, limeanza wekundu kidogo, halina haraka na mtu.

Sasa mtu atadhani mambo yaliishia hapo. Bao linasema magharibi, jua liko machoni, kuna la kujadili? Pakazuka mjadala. Na lililoniuma zaidi ni hoja ya waliolitetea bao. "Bao hili halijakosea miaka yote," akasema mjumbe wa kamati, yuleyule wa rangi. "Miaka yote, waungwana. Tuseme limekosea leo tu, mbele ya wageni?" Watu wakaafiki kwa vichwa. Sifa niliyoichuma mimi kwa kukataa kubadilisha chochote, maua yalikuwa yameivaa kama kanzu ya kuazima.

"Wazee wangu," mpwa akasema, "toleo hili linachukua majira kutoka kwenye setilaiti."

"Na jua linachukua wapi?" mwadhini akamwuliza.

Mgeni mmoja wa Dar, mwenye miwani, akaeleza kwa utulivu kwamba kuna wakati jua huwa limeshazama, tunachokiona ni mwanga wake umejipinda tu hewani, alisoma mahali. Mzee aliyekaa karibu naye akamwambia, "Basi bwana mkubwa, na njaa yako itakuwa imejipinda. Ngoja kidogo inyooke."

Wengine walikuwa wameshikilia tende hewani, hawali wala hawairudishi, wanamtazama shehe. Shehe alisimama, akaweka kiganja juu ya macho, akalitazama jua kana kwamba analiomba radhi, kisha akasema, "Jua likiwa linaonekana hakuna magharibi. Ambaye hajala, asile. Aliyekula kwa kudhani, ajizuie sasa, na siku yake atailipa kwa kufunga baada ya Idi."

Mfadhili akatoa kokwa ya tende mdomoni, akaitazama kiganjani. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye magari na watu wa kumfungulia milango, na sijawahi kumwona mtu amekuwa mdogo vile kwa ajili ya kokwa. Mpwa wake aliacha kutafuna lakini hakumeza wala hakutema. Alikaa na shavu lililovimba, anafikiria sheria inasemaje.

Tukangoja. Robo saa na ushei ni muda mfupi kama huna sinia la kaimati mbele yako. Nzi walifuturu kabla yetu. Bao nalo, lilipomaliza adhana yake, likatuandikia kwa herufi za kupambwa kwamba linatutakia futari njema.

Niliingia ndani nikalisogelea. Kwenye pembe ya chini, kwa herufi ndogo kabisa, palikuwa na jina la mji: Moroni, wa kisiwa cha Ngazija huko Komoro. Nikaelewa yote. Toleo jipya lilikuwa limetupa maandishi yangu ya mahali na kutaka mtu achague mji kutoka kwenye orodha yake. Kibiti haikuwamo. Kwa kuwa hakutokea wa kuchagua, likachagua lenyewe mji lililouona unafaa kwa pande hizi, likachukua Ngazija, ambako jua huzama kabla ya kwetu.

"Fundi," shehe akaniita kutoka mlangoni, "limepatwa na nini?"

"Limehama, shehe. Liko Ngazija."

"Tangu lini?"

"Tangu baada ya Alasiri."

Shehe akatikisa kichwa. "Na halikuaga," akasema, akarudi mkekani.

Jua lilipozama kweli, mwadhini wetu akaadhini mwenyewe, bila kipaza sauti, amesimama mbele ya bao amelipa mgongo. Alirefusha kila neno kama mtu aliyerudi kutoka uhamishoni. Tukafuturu. Chakula kilikuwa kimepoa lakini sijui kama nimewahi kula mihogo mitamu kama ile, ingawa sehemu ya utamu wake ilikuwa si mihogo, ni jeuri.

Tulipomaliza niliagizwa nilirudishe bao lilikotoka. Nilijaribu kwanza njia fupi, kuandika Kibiti kwa mkono. Toleo jipya likanitaka nijisajili, nitoe barua pepe, na nikubali kupokea habari za bidhaa. Kwa hiyo nikaenda kuchukua ghala lenyewe, nikalifunga kwenye kanga ya mke wangu nikalibeba kifuani. Njiani mama mmoja akanipa pole kwa kuuguliwa na mtoto. Kabla ya Isha bao lilikuwa limerudi Kibiti, herufi nyeupe juu ya kijani, halina ua hata moja. Watoto walisikitika waziwazi. Mfadhili alikuja akasimama nyuma yangu, akatazama kazi yangu kwa muda.

"Kwa hiyo hili ndilo lile la zamani?"

"Ndilo."

"Zuri," akasema. "Halina makuu." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Ungenipigia simu, fundi."

Ningempigia lini, na mimi saa ile nilikuwa nyumbani nakuna nazi, sijui lolote?

Kamati ilikaa baada ya Idi kufanya tathmini. Nilikwenda nimevaa kanzu mpya, najua nakwenda kupongezwa. Kikao kilikuwa kirefu, na neno kosa halikutamkwa hata mara moja. Kulikuwa na changamoto. Changamoto ya kwanza ilikuwa mawasiliano. Changamoto ya pili ilikuwa jamii kutoandaliwa kisaikolojia. Mjumbe wa rangi akasema hata jua lenyewe siku ile lilikuwa changamoto, watu wakacheka, katibu akaandika. Mwisho ikaamuliwa kwamba toleo jipya ni jema, ila lijaribiwe kwanza mahali ambapo, likileta changamoto, athari zitakuwa ndogo. Wote kwa pamoja wakakitaja kisiwa kimoja huko delta. Ikaundwa kamati ndogo ya majaribio na mpwa akawa mwenyekiti wake. Mimi nikapewa flashi niipeleke.

Nilipanda boti Nyamisati maji yakiwa yamejaa, pamoja na mwalimu wa shule, ndoo za rangi, na mnunuzi wa kamba aliyelala safari nzima juu ya barafu yake. Tulikata mikondo katikati ya mikoko mpaka kisiwani. Pale ufunguo wa msikiti anao mama mmoja wa makamo, mjane, ndiye anayefagia na kufuta sola yake vumbi la chumvi. Hana cheo kwenye kamati yoyote. Nilimkuta anatandaza kamba wake juani juu ya mkeka.

"Karibu, fundi. Umeleta kiraka?"

"Safari hii nimeleta toleo jipya, mama."

"Lina nini?"

"Maua."

"Na nini?"

"Hali ya hewa. Na linaadhini lenyewe."

"Nyie huko mjini mmelionaje?"

Ningeweza kukwepa, lakini jua lilikuwa kali na mama yule ana macho ya kungoja. Nikamhadithia yote, kuanzia nazi mpaka kokwa ya mfadhili. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Kisha akaacha kucheka ghafla.

"Kwa hiyo mkaona mlilete kwetu."

"Kamati imeona huku athari zitakuwa ndogo."

"Ndogo kwa nani? Siye tukila jua likiwa juu, swaumu zetu ni za watoto?"

Nikairudisha flashi mfukoni. Nikatia kiraka nilichokuwa nacho kwenye toleo la zamani, nikafunga mlango, nikampa ufunguo wake. Hakuupokea.

"Ngoja. Hilo bao lako tangu ulilete linatuambia tunayoyajua. Jua tunaliona. Kwa nini halisemi maji?"

"Maji gani?"

"Yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi. Mie nayajua, wenyeji wote wanayajua kwa kutazama mwezi. Lakini wageni! Mwalimu anagonga kwangu, muuguzi anagonga kwangu, huyo mnunuzi wa kamba ndiyo usiseme. Mama, boti itapita? Mama, kesho je? Alfajiri, mchana, nikila, nikilala. Nimechoka kuwa saa ya watu."

"Haiwezekani, mama. Kwenye mfumo thabiti kuongeza kitu hairuhusiwi."

"Nani kakataza?"

Nikafikiri. "Mimi."

"Basi ukifika Kibiti mwambie," akasema, akainamia kamba wake.

Kwenye ripoti ya kamati ndogo niliandika kwamba majaribio yanaendelea. Mpwa aliipenda sana sentensi ile, akaipeleka kwa mjomba wake vilevile. Kila robo mwaka ananiuliza, kila robo mwaka yanaendelea, na kila kikao kinapokea taarifa kwa kauli moja. Yeye mwenyewe nilikutana naye stendi Alhamisi moja baada ya Idi, midomo imekauka, yuko kwenye kivuli cha kibanda cha soda hanywi soda. "Siku ya kulipa ni ndefu, fundi," akaniambia. Tukacheka wote wawili, na tangu siku hiyo tunaelewana vizuri, ingawa bado ananitumia picha za maua.

Lakini maneno ya yule mama yalinikaa. Ni rahisi kukataa maua. Nilikuwa nimekataa miaka mingi mpaka nimepata ladha yake, na sasa niliona ninavyolitamka hilo "haiwezekani" kabla mtu hajamaliza kuomba. Nikaanza kutengeneza mstari mmoja tu wa maji, wa kukaa chini ya bao, usiogusa kitu kingine chochote. Nilichukua majira ya maji ya bahari kuu. Kumbe kisiwani kwao maji hufika yamechelewa, maana yanapita kona nyingi za mto kabla ya kuwafikia. Mama alikuwa ananipigia simu bila salamu: "Linasema yamekupwa. Mie nimesimama kiunoni." Narekebisha, najaribu chumbani kwangu, napanda boti, napeleka. Mke wangu akaanza kuniuliza huyu mjane anayepiga simu kuhusu maji ni nani, nikamweleza, hakuniamini, nikampandisha boti twende naye. Wakapatana papo hapo, wakanisema mimi mpaka jioni.

Masika yakapita, kiangazi kikaingia, mstari ukawa unasema kweli. Nikauingiza ghalani rasmi, ukawa kifurushi kama vingine, na sasa hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Nilikwenda kisiwani kuufunga kwa mara ya mwisho. Mwalimu alikuja akausoma, muuguzi akaja akausoma, mnunuzi wa kamba akaupiga picha. Nikamwuliza mama kama sasa anapumzika.

"Napumzika wapi? Msikiti nafunga mimi. Zamani walikuwa wananigongea kuuliza maji. Sasa wananigongea kuomba ufunguo."

Nikaanza kumweleza kwamba inawezekana kuweka kioo kingine kidogo barazani, ila italazimu nijaribu kwanza, na kujaribu kunachukua muda. Hakusubiri nimalize. Alitafuta msumari, akaupigilia kwa jiwe kwenye mwimo wa mlango, akauning'iniza ufunguo pale mbele ya macho ya kila mtu, akarudi kugeuza kamba wake kabla jua halijapungua.